UCHAMBUZI: ‘Chai’ ya mimea yafaa bustani, ila asili si hakikisho la usalama

MBOLEA ya viwandani ilipopanda bei mwaka 2022 hadi gunia la kilo 50 la DAP likauzwa kwa zaidi ya Sh6,000, wakulima wengi wadogo humu nchini walijikuta katika njia panda. Serikali iliingilia kati kwa ruzuku iliyoshusha bei hiyo hadi Sh3,500 mwaka huo, kisha Sh2,500 mwaka 2023. Hata hivyo, kabla ya mkulima kuvuta pumzi, mwaka 2024 kulizuka kashfa ya mbolea ghushi iliyouziwa wakulima kupitia mpango uo huo wa ruzuku.

Si ajabu, basi, kwamba ndoo na pipa vimepata heshima mpya katika maboma mengi. Majani yaliyokuwa yakikatwa na kutupwa sasa huloweshwa, yakaachwa yachache, na maji yake kumiminiwa mboga. Hata mijini, ambako sukumawiki hupandwa katika magunia kwa ukosefu wa ardhi, mbolea hii ya maji imekuwa tegemeo la wasio na uwezo wa kununua ya dukani. Wizara ya Kilimo yenyewe ilichochea ari hiyo mwaka 2020, wakati wa janga la corona, ilipozindua mpango wa bustani milioni moja za nyumbani.

Wengi huita maji hayo ‘chai’. Jina hilo ni tamu, na pengine ndilo chanzo cha tatizo. Chai ni kitu cha kunywewa na kushirikiwa bila hofu. Mwenye kumimina chai ya mimea kwenye mboga zake huamini kwamba, kwa kuwa hajatumia kemikali ya kiwandani, hakuna ubaya unaoweza kumfika yeye wala mlaji. Imani hiyo inahitaji kuchunguzwa kwa makini kabla haijatugharimu.

MANUFAA YASIYOPINGIKA

Kwanza, ni muhimu kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Chai ya mboji hutengenezwa kwa kulowesha mboji iliyokwisha kuiva kwa siku moja hadi tatu, na wengine huipulizia hewa kwa pampu ndogo. Chai ya mimea, kwa upande mwingine, hutokana na majani mabichi. Majani hayo hukatwakatwa, yakatiwa katika gunia dogo, likatumbukizwa ndani ya pipa la maji na kufunikwa kwa wiki mbili hivi huku likikorogwa kila baada ya siku chache. Kisha maji hayo huchujwa na kuzimuliwa kabla ya kutumiwa.

Ujuzi huu si ushirikina wala si mtindo wa jana. Taasisi ya Kilimohai nchini, KIOF, iliyoanzishwa mwaka 1986, imewafunza wakulima mbinu hizi kwa miongo kadhaa. Nao watafiti waliofanya kazi Maseno, magharibi mwa Kenya, walithibitisha katika miaka ya 1990 kwamba mmea wa tithonia, wenye ua la manjano linalofanana na alizeti na unaomea ovyo kandokando mwa barabara, una virutubisho vingi ajabu. Katika kila kilo 100 za majani yake yaliyokaushwa, takriban kilo 3.5 ni nitrojeni na kilo 4 ni potasiamu. Kasoro yake ni uhaba wa fosforasi, ambayo haifiki hata nusu kilo.

Kwa hivyo, mkulima anayelowesha tithonia hajidanganyi. Mboga zake zitanawiri kwa sababu zimelishwa. Swali si iwapo chai hiyo inafanya kazi. Swali ni je, ni nini kingine kilichomo ndani ya ndoo hiyo?

KIJIKO CHA SUKARI

Wapo wanaodai kwamba ndoo isiyotiwa samadi haiwezi kuwa na viini vya maradhi. Dai hilo lina ukweli, lakini ni ukweli nusu. Ni kweli kwamba bakteria kama E. coli na Salmonella makao yao makuu ni matumbo ya wanyama na ya binadamu. Lakini kuku wa kienyeji hazuiliwi na ua, na kinyesi chake huanguka juu ya yale majani yanayokatwa. Maji ya mto au ya kisima kifupi kilichochimbwa karibu na choo yanaweza kubeba viini vivyo hivyo. Mikono ya mkorogaji pia. Isitoshe, yupo bakteria mwingine, Listeria, ambaye huishi kwa kawaida udongoni na kwenye mimea inayooza. Huyu hahitaji samadi ili apate njia ya kuingia.

Viini vichache peke yavyo huenda visiwe janga. Hatari hukua pale vinapolishwa. Mwaka 2007, watafiti wawili wa Idara ya Kilimo ya Marekani, David Ingram na Patricia Millner, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyopaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya kilimo. Walichunguza chai ya mboji iliyokuwa na viini vya E. coli na Salmonella. Pale ambapo hapakuongezwa chochote, viini hivyo havikuzaana. Pale palipoongezwa virutubisho vya kulisha bakteria, viini viliongezeka, iwe chai ilipulizwa hewa au la. Utafiti mwingine wa mwaka 2004 nchini humo ulikuwa umeelekeza kidole kwa molasi: kadiri ilivyozidi, ndivyo viini vilivyostawi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Mapishi mengi yanayosambazwa miongoni mwa wakulima humshauri mtengenezaji atie molasi, sukari guru au sukari ya kawaida ili ‘kuamsha bakteria wazuri’. Nia ni njema. Lakini sukari haimchagui anayeila. Bakteria mwenye manufaa hula, na bakteria wa kuhara hula vilevile. Kijiko kilichokusudiwa kuipa chai nguvu ndicho kinachoweza kuifanya tishio.

Wamarekani waliliona hilo mapema. Jopo la wataalamu lililoshauri bodi yao ya viwango vya kilimohai mwaka 2004 lilipendekeza kwamba chai iliyotiwa viongezo ipimwe kwanza, na wastani wa E. coli usizidi 126 katika mililita 100, kipimo kile kile kinachotumiwa kwa maji ya kuogelea. Isiyopimwa ichukuliwe kama samadi mbichi. Na sheria yao kuhusu samadi mbichi ni kali: ni lazima zipite siku 120 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu yake ya kuliwa hugusana na udongo, na siku 90 kwa mazao mengine ya chakula.

Hebu tuipime sheria hiyo kwa hali yetu. Sukumawiki huchumwa kila wiki. Dhania huwa tayari kwa muda wa miezi miwili au hata pungufu. Hakuna mkulima wa mboga hizi anayeweza kungoja siku 90 kati ya kunyunyiza na kuvuna. Maana yake ni kwamba kwa mboga za majani za Mkenya, chai iliyotiwa samadi mbichi au sukari haina muda salama wa kusubiri. Njia iliyosalia ni kutoitumia kabisa kwenye mboga hizo.

Kuna atakayesema kwamba sisi hupika mboga zetu. Ni kweli, na moto huua viini. Lakini dhania, nyanya na vitunguu vya kachumbari havipikwi. Na sukumawiki inayokatwakatwa kibandani na mama mboga hupitia kisu na mikono iyo hiyo inayoshika nyanya za kachumbari. Kiini kilichopanda juu ya jani la kupikwa kinaweza kushukia sahani isiyopikwa.

SUMU ISIYOTOKA KIWANDANI

Tatizo la pili halihusu viini bali mimea yenyewe. Kenya ina sababu ya kujua kwamba maumbile yanaweza kuua. Mwaka 2004, watu 125 walifariki, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyokuwa na sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo haikutengenezwa na kampuni yoyote. Ilitokana na ukungu wa kawaida uliomea kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Vivyo hivyo, si kila jani linafaa kuingia katika pipa. Tumbaku ndiyo mfano ulio wazi. Wakulima huilowesha ili kuua vidukari, na kweli hufa, kwa sababu nikotini ni sumu kali. Sumu hiyo hupenya ngozi ya binadamu. Wavunaji wa tumbaku wanaoshika majani mabichi yenye umande huugua kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika. Moto wa jikoni nao si wa kutegemewa kuiondoa nikotini kama unavyoua bakteria. Tena, tumbaku inaweza kubeba kirusi kinachoshambulia nyanya na pilipili, kwa hivyo anayefukuza vidukari anaweza kukaribisha ugonjwa usio na dawa. Si ajabu kwamba viwango vya kilimohai vya Marekani vimeipiga marufuku dawa ya vumbi la tumbaku, ingawa ni zao la shambani.

Mmea mwingine ni utupa. Wavuvi wa zamani waliutumia kulevya samaki, jambo linalodhihirisha nguvu yake. Maji yake huua wadudu, lakini yakitiririka hadi kwenye kidimbwi huangamiza samaki. Tangu mwaka 2009, serikali ilipoanza kufadhili uchimbaji wa mabwawa ya samaki vijijini chini ya mpango wa kuchochea uchumi, yapo maboma mengi ambayo bustani na bwawa vimepakana. Mvua moja ya masika yatosha kuviunganisha.

Komfri, mmea unaosifiwa sana kwa kulisha mboga, unahitaji tahadhari ya aina yake. Una alkaloidi zinazodhuru ini, na ndiyo maana mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waondoe sokoni vidonge vya lishe vilivyotokana nao. Kuumimina kwenye udongo si sawa na kuumeza. Hata hivyo, utafiti wa Dirk Selmar na wenzake katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Braunschweig, Ujerumani, katika miaka ya 2010 ulionyesha kwamba mimea kama giligilani na mnanaa inaweza kufyonza nikotini na alkaloidi kutoka kwa mabaki ya mimea mingine yaliyotandazwa udongoni. Viwango vyenyewe vilikuwa vidogo, na haifai kuzua taharuki. Lakini matokeo hayo yanavunja dhana kwamba mboga hunywa ‘chakula’ pekee na kuacha mengine.

Mkulima anayeuza nje ya nchi ana sababu ya ziada ya kuzingatia haya. Mwaka 2013, Muungano wa Ulaya uliamuru kwamba asilimia 10 ya shehena za maharagwe na njegere za maganda kutoka Kenya zikaguliwe kwa sababu ya masalia ya dawa. Maabara ya ng’ambo haiulizi iwapo nikotini ilitoka dukani au kwenye ndoo ya nyumbani. Hupima kilichomo tu.

MARADHI YA SHAMBA LENYEWE

Mbali na afya ya mlaji, chai iliyotengenezwa ovyo inaweza kuliangamiza shamba. Wakulima wa viazi na nyanya wanaufahamu mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaoenea kwa udongo na maji. Anayeng’oa mche ulionyauka, akaulowesha pipani na kumwagilia maji yake shambani kote, amefanya kazi ya ugonjwa huo kwa mikono yake mwenyewe. Mimea iliyougua haina nafasi katika chai.

Kadhalika, nyasi kavu au samadi iliyonunuliwa kutoka kwa mtu usiyejua alivyoitunza malisho yake inaweza kuwa na masalia ya dawa ya magugu. Nchini Uingereza, mwaka 2008, wakulima wa bustani walishangaa kuona nyanya na viazi vyao vikijikunja majani. Ilibainika kwamba samadi waliyotumia ilitokana na mifugo waliolishwa nyasi zilizonyunyiziwa dawa aina ya aminopiralidi, ambayo haiharibiki upesi katika mboji. Uuzaji wa dawa hiyo ulisimamishwa kwa muda. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji maabara: panda maharagwe machache katika mkebe wenye mboji hiyo, uyatazame kwa wiki tatu. Majani yakijikunja, usiitumie.

YA KUFANYA NYUMBANI

Tahadhari zinazohitajika si ghali. Tumia maji safi unayoweza kuyaamini. Usitie samadi mbichi, sukari wala molasi katika chai ya kumwagilia mboga za majani. Iwapo unatumia mboji, hakikisha iliiva kwa joto la kutosha. Kiwango kinachokubalika Marekani ni nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku tatu mfululizo katika chombo kilichofungwa, au siku 15 kwa lundo la wazi linalopinduliwa angalau mara tano. Asiye na kipimajoto achomeke fimbo ndefu katikati ya lundo. Akiichomoa baada ya dakika kadhaa na kuikuta baridi, joto halijafika.

Chai imiminwe kwenye shina, si juu ya majani yatakayoliwa. Hili pekee hupunguza sehemu kubwa ya hatari, na halipunguzi manufaa, kwani mizizi ndiyo mlango mkuu wa chakula cha mmea. Vuneni kwanza, kisha mwagilieni, msifanye kinyume chake. Baada ya hapo, mboga zioshwe kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kuliwa.

Vyombo navyo vina siri yake. Mtungi uliowahi kubeba dawa ya kuua wadudu usitumiwe, hata ukisuguliwa mara kumi. Pipa lisifungwe kwa nguvu, kwa kuwa gesi ya uchachu inaweza kulipasua, lakini pia lisiachwe wazi. Lifunikwe kwa kitambaa kizito kilichofungwa kamba ili mbu wasizalie humo na mtoto asitumbukie. Mkorogaji avae glavu, au anawe kwa sabuni kila amalizapo. Na chupa ya soda isitumiwe kamwe kuhifadhi maji hayo, kwani mtoto hatofautishi chai na chai.

PENGO LA SERIKALI

Lakini si haki kumwachia mkulima mzigo wote. Sheria zetu zimejikita katika bidhaa zinazotengenezwa na kuuzwa. Sura ya 345 inasimamia mbolea na vyakula vya mifugo, nayo Sura ya 346 inasimamia bidhaa za kudhibiti wadudu. Ndoo ya nyumbani haipiti mbele ya mkaguzi yeyote, wala haingewezekana kukagua kila ndoo. Tatizo ni kwamba mpaka kati ya mbolea na dawa hupotea ndani ya ndoo hiyo. Tithonia iliyoloweshwa kulisha mboga ni mbolea. Tumbaku iliyoloweshwa katika pipa lilo hilo kuua vidukari ni dawa. Na jirani anapoanza kuipakia katika chupa na kuiuza sokoni bila kibandiko, mnunuzi hana njia ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Alama ya Kilimohai, iliyotokana na kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki kilichopitishwa mwaka 2007, imesaidia kuwapa walaji imani. Hata hivyo, alama ya aina hii huthibitisha jinsi zao lilivyokuzwa. Si cheti cha maabara kwamba jani hilo halina kiini. Mlaji anayeacha kuosha mboga kwa sababu zimeandikwa ni za kilimohai amejipa uhakika ambao hakuna aliyemwahidi.

Wakati wa kuziba pengo hili ni sasa. Kaunti ya Murang’a ilipitisha sheria ya kilimo-ikolojia mwaka 2022, na serikali kuu ilizindua mkakati wa kitaifa wa mwaka 2024 hadi 2033 kuhusu kilimo hicho. Mipango hiyo inawahimiza wakulima kutegemea zaidi pembejeo za kujitengenezea. Itakuwa kinaya iwapo tutawaondoa kwenye kemikali zenye maandishi ya tahadhari kwenye mkebe, tuwakabidhi ndoo isiyo na tahadhari yoyote.

Kinachohitajika si marufuku. Ni karatasi moja yenye maelezo kwa lugha nyepesi, iliyoidhinishwa na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, na kusambazwa na kaunti, ambazo chini ya Katiba ya 2010 ndizo zenye jukumu la kutoa huduma za kilimo nyanjani. Karatasi hiyo itaje mimea ya kulisha na mimea ya kuepukwa, ieleze kuhusu sukari na samadi, na ionyeshe mahali pa kumimina. Aidha, maabara zetu zipewe fedha za kupima chai zinazotengenezwa na wakulima wenyewe katika maeneo mbalimbali, ili tusiendelee kuazima takwimu za Marekani na Ujerumani kueleza kilichomo katika pipa la Kakamega au Kiambu.

Mkulima mdogo ameonyesha kwamba anaweza kujitegemea pale mbolea ya dukani inapomshinda au kumhadaa. Juhudi hizo zinastahili kuungwa mkono kwa ujuzi, si kwa sifa pekee. Wahenga walinena kuwa tahadhari kabla ya hatari. Kwa jambo hili, tahadhari yenyewe ni maji safi, majani yanayojulikana, mkono unaoacha sukari jikoni, na afisa wa kilimo anayefika bomani kueleza sababu.